Kijana anayelia kwa muziki si lazima awe mgonjwa

JE, umewahi kusikia muziki usio na mwimbaji, usio na ngoma wala gitaa, na hata hivyo ukakufanya utokwe na machozi? Ukimwuliza mtu wa makamo swali hili, huenda akacheka na kukuambia kwamba muziki wa namna hiyo haupo. Lakini upo, na vijana wetu wanausikiliza. Kwa sababu wazazi wengi hawauelewi, aghalabu wao hudhani kwamba kijana anayeupenda ana kasoro fulani akilini.

Jioni moja niliposhuka matatu katika steji ya Kahawa Wendani, mama mmoja anayeuza mboga hapo kando alinisimamisha. Ni jirani yangu wa miaka mingi, na hupenda kuniita daktari wa gazeti ingawa nimemweleza mara nyingi kuwa mimi ni mwandishi tu.

"Daktari wa gazeti," akasema huku akifunga sukuma wiki ya mteja, "huyu kijana wangu amenitia wasiwasi. Akitoka chuoni anajifungia chumbani, anazima taa, anavaa hivi vitu vya masikio na kulala chali saa nzima. Juzi nimeingia nikamkuta analia. Nikachukua kile kitu nikaweka sikioni nisikie ni wimbo gani. Hakuna wimbo! Ni ngurumo tu, kama friji ya duka. Niambie ukweli, akili zimeanza kumruka?"

Si ajabu kwamba mama huyo alikuwa na hofu. Mumewe alifariki mwaka uliopita. Kijana huyo, ambaye ndiye kifungua mimba wake, hakudondosha hata chozi moja siku ya maziko. Alibeba jeneza, akawapokea wageni, akawalipa waliostahili kulipwa, kisha akarudi masomoni. Watu walimsifu kwa kuwa mwanamume. Sasa miezi mingi imepita, naye analia gizani kwa sababu ya ngurumo ya friji.

Alipofunga kibanda nilifuatana naye hadi nyumbani. Kijana alinikaribisha kwa heshima, akaniambia: "Mzee, mimi si mgonjwa. Ni albamu tu. Inaitwa Peel, ya KMRU. Jina lake halisi ni Joseph Kamaru."

Mama aligutuka. "Kamaru? Yule Kamaru wa nyimbo za Kikuyu?"

"Ni mjukuu wake, Mama."

Mama alinyamaza kidogo. Katika nyumba hiyo nyimbo za mzee Kamaru zilikuwa zikichezwa kila Jumapili alasiri wakati mumewe akiwa hai.

BABU WA MANENO, MJUKUU WA SAUTI

Kwa manufaa ya wasomaji wasiofahamu, mzee Joseph Kamaru alizaliwa mwaka wa 1939 huko Kangema, Murang'a, na akafariki Oktoba 2018. Alikuwa mmoja wa waimbaji mashuhuri zaidi wa lugha ya Kikuyu. Nyimbo zake zilijaa maneno: methali, mafumbo, nasaha kwa vijana na masuto kwa wenye mamlaka. Msikilizaji alijua barabara mwimbaji anataka ahisi nini.

Mjukuu wake, ambaye ni somo wake na anajulikana kwa jina la kisanii la KMRU, alisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho hakiko mbali na Wendani. Baadaye alikwenda Berlin, Ujerumani, kuendelea na masomo ya sauti. Amejitahidi kuzitoa upya nyimbo za babu yake ili zipatikane kupitia intaneti, lakini muziki wake mwenyewe ni wa aina nyingine kabisa.

KMRU hutembea na chombo cha kunasia sauti. Hurekodi mazingira: upepo, nyayo, magari yaliyo mbali, mvumo wa mitambo ya umeme, mazungumzo yasiyosikika vizuri. Kisha huziingiza sauti hizo katika tarakilishi, akazivuta zikawa ndefu, akazipunguza kasi na kuzipanga moja juu ya nyingine hadi msikilizaji hawezi tena kutambua ni za kitu gani. Hakuna mdundo wa kuchezea wala kiitikio cha kuimba pamoja naye. Sauti moja huingia polepole kama ukungu, nyingine hutoweka, na unapogundua kuwa jambo fulani limebadilika, limebadilika zamani.

Albamu ya Peel ilitolewa mwaka wa 2020 na Editions Mego, kampuni ya Austria. Ina vibao sita na huchukua zaidi ya saa moja. Kibao cha mwisho, ambacho jina lake ndilo la albamu yenyewe, peke yake kinapita dakika 20. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya kafyu kwa sababu ya korona, na wakazi wa Wendani watakumbuka jinsi barabara ya Thika, ambayo hainyamazi usiku wala mchana, ilivyokuwa kimya ajabu baada ya jua kutua. Wengi wetu tulisikia kwa mara ya kwanza sauti za nyumba zetu wenyewe: tangi la maji likijaa, mlango wa jirani, pumzi za watoto wakiwa wamelala. Aliyekumbuka usiku ule hatauona muziki huu kuwa mgeni sana.

Neno peel maana yake ni kumenya au kuambua ganda. Muziki huu hufanya hivyo hasa: huondoa maneno, ukaondoa mdundo, ukaondoa ala zinazofahamika, na kinachosalia ni hisia tupu. Tena si jambo lililoanza jana. Mwaka wa 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa albamu ya muziki mtulivu uliokusudiwa kuchezwa katika viwanja vya ndege ili kuwapunguzia wasafiri wasiwasi. Tangu hapo watunzi wa nchi nyingi wamefuata njia hiyo.

SAUTI HUFANYA NINI MWILINI?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo ukifika kwenye kiwambo cha sikio hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi sikio la ndani, ambamo mna seli zenye vinyweleo takriban 15,000 katika kila sikio. Seli hizo huugeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa umeme, na neva huupeleka kwenye ubongo.

Ujumbe huo hauishii kwenye sehemu inayotambua sauti pekee. Hufika pia kwenye sehemu zinazohusika na hofu, kumbukumbu na furaha, na zile zinazoongoza mapigo ya moyo na kupumua. Ndiyo maana honi ya matatu ikilia ghafula nyuma yako moyo huruka kabla hujajua ni nini. Kinyume chake, sauti inayobadilika polepole haiushtui mwili, na pole pole ule ulinzi wa ndani hulegea.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka wa 2006 madaktari wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi walichapisha uchunguzi uliofanyiwa watu 24, nusu yao wakiwa wanamuziki. Waligundua kuwa muziki wa kasi uliongeza mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na shinikizo la damu, ilhali wa taratibu haukufanya hivyo kwa kiasi hicho. Jambo lililowashangaza zaidi ni kwamba walipoingiza kimya cha dakika mbili katikati ya vibao, miili ilitulia kuliko hata ilivyokuwa kabla ya muziki kuanza.

Mnamo 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walionyesha kwamba mtu anaposikiliza muziki unaomsisimua hadi nywele zikasimama, ubongo wake hutoa kemikali iitwayo dopamini. Hiyo ndiyo kemikali inayotolewa tunapopata jambo la kututia raha, kama vile chakula kitamu. Na muziki uliotumika katika uchunguzi huo haukuwa na maneno. Basi anayedai kwamba muziki usio na maneno hauwezi kumgusa mtu anakosea.

KWA NINI HULETA MACHOZI?

Wimbo wa maombolezo wenye maneno hukuambia nani amekufa, alipendwaje na unapaswa kujifariji vipi. Hilo ni jema, na wengi wetu tumefarijiwa na tenzi za kanisani. Lakini mtu aliyezoea kujikaza husikia maneno hayo akajikaza zaidi, kwa maana anajua yanakoelekea. Muziki usio na maneno haumwambii lolote. Hauna mahali ambapo mtu anajua kuwa sasa analizwa. Akilini hubaki nafasi, na katika nafasi hiyo huingia lile alilokuwa akilikimbia.

Kijana wa Wendani alinieleza kwa maneno yake mwenyewe: "Mzee, siku ya kwanza niliusikiliza nikisoma tu. Niliona unanisaidia kutosikia kelele za nje. Siku nyingine nikazima taa nikausikiliza wenyewe. Ikifika ile sehemu ya mwisho, inakuja sauti nzito polepole, halafu inajaa chumba chote. Sijui ni nini, lakini nilimkumbuka baba alivyokuwa akirudi usiku, mlango ukifunguliwa. Nikalia. Baada ya kulia nililala hadi asubuhi. Sikuwa nimelala hivyo tangu tumzike."

Kulia kwa namna hiyo si ugonjwa. Huzuni ya msiba haina kalenda. Wapo wanaolia siku ya kwanza, na wapo wanaolia baada ya mwaka mmoja wakisikia harufu ya sabuni aliyoitumia marehemu.

NAMNA YA KUUSIKILIZA

Msomaji akitaka kujaribu albamu kama hii, na afuate mashauri yafuatayo:

1. Tenga muda. Muziki huu hauna maana ukisikilizwa dakika mbili. Chagua kibao kimoja ukisikilize hadi mwisho bila kuruka. Saa za usiku au alfajiri, kabla maspika ya madukani hayajaanza, zinafaa zaidi.

2. Keti au ulale mahali salama. Usiusikilize ukiendesha gari, ukiwa juu ya bodaboda au ukivuka barabara. Aliyeziba masikio hasikii lori likija.

3. Weka sauti ya chini. Kama kuna kelele nje, usishindane nazo kwa kuongeza sauti; funga dirisha au usubiri.

4. Usitafute wimbo. Tafuta matabaka. Kwanza sikiliza sauti ya chini kabisa, ile nzito. Kisha sikiliza ya juu, nyembamba. Halafu ile iliyo katikati. Jiulize: ni ipi imeingia sasa hivi? Ni ipi imeondoka? Baada ya dakika kumi utashangaa jinsi "ngurumo ya friji" ilivyo na mambo mengi ndani yake.

5. Hisia ikija, ipe jina. Jiambie kimoyomoyo: hii ni huzuni, hii ni hasira, huku ni kumkosa mtu fulani. Usiifukuze wala usiilazimishe. Na kama hakuna hisia iliyokuja, hujakosea. Pengine siku hiyo mwili ulihitaji kupumzika tu.

6. Kibao kikiisha, usikimbilie kingine. Kaa kimya dakika mbili. Kumbuka uchunguzi wa Italia.

7. Mweleze mtu. Lililotoka gizani lisirudishwe gizani. Rafiki, mzazi au ndugu atakusaidia kulibeba.

Ukiisha kujaribu mara mbili tatu na ukauona unakuchosha, uache bila aibu. Kila mtu na lake. Mwingine atapata faida hiyo hiyo kwa wimbo wa mzee Kamaru, kwa taarabu au kwa tenzi za kanisani.

LINDA MASIKIO YAKO

Zile seli za vinyweleo tulizozitaja, zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti ya juu. Kiwango salama kwa mtu mzima, kwa mujibu wa shirika hilo, ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu kwa wiki.

Kwa kuwa wengi wetu hatuna chombo cha kupimia, tumia kipimo cha nyumbani: mtu aliye karibu nawe akikuongelesha kwa sauti ya kawaida nawe humsikii, muziki umezidi. Simu nyingi za kisasa pia huonya sauti inapovuka mpaka. Usilipuuze onyo hilo. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, yamekuambia kwamba yameumia. Uvumi huo ukidumu, nenda hospitalini.

WAKATI MUZIKI HAUTOSHI

Hapa ndipo ningependa wazazi wasome kwa makini. Muziki unaweza kuifungua huzuni, lakini si dawa ya ugonjwa wa mfadhaiko wa akili. Dalili za ugonjwa huo ni kuwa na majonzi au kutopendezwa na jambo lolote kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Huandamana na mambo kama kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kumakinika na kufikiria kifo.

Kadhalika, wapo watu ambao muziki wa huzuni huwazamisha badala ya kuwainua. Kipimo ni hiki: baada ya kusikiliza unajisikiaje? Ukiona umepungukiwa na mzigo, endelea. Ukiona kila mara unaamka na mzigo mzito zaidi, ukirudia mawazo yale yale, uache muziki huo na utafute msaada.

Mbele ya mama yake nilimwuliza yule kijana kama anakula. Anakula. Anahudhuria masomo? Anahudhuria. Marafiki? Jumamosi hucheza kandanda. Kisha nikamwomba mama atupishe kidogo, nikamwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Akaniangalia machoni, akasema hapana. Wazazi wengi huogopa kuuliza swali hilo wakidhani watampandikizia mtoto wazo baya. Wataalamu wanasema sivyo. Kuuliza kwa upole humpa mtu nafasi ya kusema lililomlemea.

Jibu likiwa ndiyo, usimwache peke yake wala usimkemee. Mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ambako ataelekezwa panapofaa. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika, ndiyo hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, na shirika la Befrienders Kenya huwasikiliza kwa simu watu waliokata tamaa. Hofu ya sheria nayo isimzuie mtu: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya akili ni maradhi kama mengine.

MAMA ASIKILIZA

Kabla sijaondoka, kijana alimwomba mama yake ajaribu kusikiliza, safari hii bila haraka. Alichomoa spika za masikioni, akaiweka simu juu ya meza ili sote tusikie, na kuzima taa. Mama aliketi huku mikono ameipakata, kama mtu aliye kanisani.

Dakika tano za kwanza alihangaika. "Kwani hakuna mahali wanaimba?" akauliza. Kijana akamwomba anyamaze. Zikapita dakika nyingine. Sauti nzito ikaanza kupanda kutoka chini, ikarudi, ikapanda tena.

"Hii," mama akasema kwa sauti ya chini, "ni kama baba yako akikoroma."

Kijana akaangua kicheko, mama naye akacheka hadi akajipangusa macho kwa kitambaa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu maziko, wakaanza kumzungumza marehemu: jinsi alivyokoroma, jinsi alivyokana kuwa anakoroma, jinsi alivyoimba nyimbo za Kamaru akikosea maneno. Albamu iliendelea kulia pale mezani bila kuangaliwa na mtu, nami nikaaga na kwenda zangu.

Mzazi mpendwa, ukimkuta kijana wako gizani na muziki usiouelewa, usikimbilie kuuzima. Keti kando yake, uliza unaitwaje, usikilize naye hadi mwisho. Huenda ukakuta huzuni anayoisikiliza ni ile ile uliyo nayo wewe.